Mzee Atazamaye Ndege: Je, Ni Mvivu?

Katika vijiji vingi jambo hili huonekana. Mtu amelima miaka arobaini, na sasa mikono yake imeshindwa na jembe. Asubuhi, wenye nguvu wakiisha kwenda shambani, yeye hubaki lupangoni juu ya kiti chake, akitazama ndege waokotao chembe za mahindi kando ya kinu. Wapitao njiani humsalimu kwa heshima, na wakiisha kuuvuka ua huambiana, "Yule sasa ni wa kula tu." Neno hilo husemwa kwa sauti ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Mzee huanza kupakuliwa chakula baada ya wote. Haulizwi tena shauri jamaa wakikutana. Na mwisho yeye mwenyewe husadiki kwamba maisha yake yalikwisha siku ile alipoliweka jembe chini.

Mkatekumeni ajiandaaye kupokea Ubatizo hana budi kulipima neno hilo kwa mizani ya imani. Je, thamani ya mtu hukoma pamoja na nguvu za mikono yake? Na yule akaaye kimya akitazama viumbe vya Mungu, je, anapoteza siku zake, au anafanya kazi ambayo wengine hawaioni?

I. Uvivu ni kitu gani

Watu wengi hudhani kwamba uvivu ni kukaa, na bidii ni kwenda huku na huku. Dhana hiyo haitoshi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba uvivu ulio dhambi ni huzuni ya roho mbele ya mema ya Mungu. Moyo huliona jema la kimungu, na badala ya kulifurahia huliona kuwa mzigo. Kwa hiyo mtu aweza kulima tangu alfajiri hata jioni, naye akawa mvivu mbele ya Mungu, kwa kuwa hana dakika moja ya kumshukuru wala hataki kuipata. Tena mtu aweza kukaa kitini mchana mzima asiwe mvivu, kwa kuwa moyo wake unakesha.

Hata hivyo ukweli usemwe wote. Uzee si ruhusa ya kuacha kila kitu. Mzee awezaye kupukuchua mahindi na apukuchue. Awezaye kuchambua maharagwe, kusuka kikapu, au kumshika mtoto mchanga wakati mama yake anapokwenda kuteka maji, na afanye hivyo. Mtume Paulo aliwakaripia Watesalonike waliokataa kufanya kazi. Lakini aliwakaripia wasiotaka, si wasioweza. Haki ni kutenga kutotaka na kutoweza, na ni hapo hasa ambapo jamaa wengi huikosa haki.

II. Agizo lililosahauliwa

Katika Injili ya Matayo, sura ya 6, Bwana Yezu alipowaonya wafuasi wake wasisumbuke kwa ajili ya chakula na mavazi, aliwaagiza wawatazame ndege wa angani, ambao Baba huwalisha. Wakristu hukumbuka sana mwisho wa fundisho hilo, yaani kutohangaika. Husahau mwanzo wake, yaani agizo la kutumia macho. Bwana hakutaja tu kwamba ndege wapo, bali aliagiza watazamwe. Mtu alitimizaye agizo hilo kwa moyo wa imani hastahili kuitwa mpotezaji wa siku.

Wala jambo hili si geni katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia habari za Noe, ambaye gharika ilimkuta akiwa na umri wa miaka 600. Mvua ilipokoma, alitafuta habari za nchi kwa njia ya ndege. Alimtoa kunguru, kisha alimtoa njiwa mara tatu. Mara ya kwanza njiwa alirudi kwa kukosa mahali pa kutua. Mara ya pili alileta jani bichi la mzeituni. Mara ya tatu hakurudi tena. Jamaa nzima iliyokuwa ndani ya safina iliyangoja maneno ya mzee mmoja aliyesimama dirishani akimtazama ndege. Maandiko hayasimulii kwamba mwana wake yeyote alimcheka.

III. Kuona na kutazama

Macho huona mengi yasiyoyatazama. Kuna habari moja ya Kongo ifundishayo jambo hilo. Mwaka 1913, mtaalamu wa ndege kutoka Marekani, Bwana James Chapin, akiwa katika misitu ya Ituri, aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mwenyeji. Aliuhifadhi, asijue ni wa ndege gani. Ikapita miaka 23. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa ambao waliandikwa kimakosa kuwa tausi wa kawaida wafugwao. Akaona kwamba manyoya yao yalifanana na ule unyoya. Ndivyo wataalamu wa dunia walivyopata kumjua tausi wa Kongo. Lakini watu wa msituni walikuwa wakimjua tangu zamani. Unyoya wake ulikuwa kofiani mwao. Elimu ya mtazamaji wa kijijini si ndogo kwa sababu tu haikuandikwa.

Basi mzee aliye uani hutazama nini? Humtazama kwera, ndege wa manjano na mweusi, ajengaye penye michikichi karibu na nyumba za watu. Kwera dume huchana nyuzi za majani akasuka kiota chenye mlango chini. Jike huja, huingia, hukikagua, na asipopendezwa huenda zake. Kiota kikikataliwa na kuchakaa, dume hukifumua mwenyewe, akaanza kusuka kingine mahali pale pale. Mzee aliyetazama kazi hiyo majuma matatu anayo maneno ya kumwambia kijana aliyeposa akakataliwa, tena maneno ambayo kijana hatayapata kwa rika lake.

Humtazama chozi anyonyaye utamu wa ua la mgomba, na yule ndege mdogo mweusi na mweupe atembeaye penye uwanja uliofagiwa, akitikisa mkia na kuokota wadudu. Tena ndiye wa kwanza kukiona kivuli cha mwewe juu ya vifaranga. Sauti yake moja huokoa kuku ambao mwenye nyumba, akiwa shambani, asingejua walipokwenda.

Humtazama na mbayuwayu ajaye wakati wa baridi ya Ulaya. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete ndogo mguuni huko Uingereza, na mwezi wa Desemba 1912 alipatikana Natal, Afrika ya Kusini. Pete hiyo ilithibitisha kwamba kiumbe chenye uzito wa gramu 20 hivi husafiri tangu Ulaya hata ncha ya Afrika. Wengi wa jamii yake hupita Kongo kila mwaka katika safari hiyo, na wengine hukaa huko mpaka mwezi wa Machi au Aprili, kisha hurudi kaskazini kuzaa. Hakuna awaongozaye kwa mkono, nao hawapotei.

Kongo ina aina zaidi ya 1,000 za ndege. Mzee halazimiki kuwajua wote. Kumi wa uani kwake wanatosha kumpa la kuwaza mwaka mzima.

Labda mtu atauliza, je, kutazama viumbe hakumsahaulishi mtu Muumba? Hakumsahaulishi, ikiwa mtazamaji haishii kwenye kiumbe. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Aonaye mtumbwi ziwani hukumbuka kwamba yuko fundi aliyeuchonga. Na aonaye bawa la mbayuwayu akimkumbuka aliyelifanya, huyo amekwisha kuanza sala. Hana haja ya maneno mengi. "Asante, Baba" yatosha.

IV. Shomoro wa tano

Sasa swali la thamani ya mtu lijibiwe kwa ndege mmoja mdogo. Matayo, sura ya 10, anaeleza kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Luka, sura ya 12, anaeleza kwamba watano waliuzwa kwa senti mbili. Kila mtu aliyewahi kununua sokoni ataiona tofauti iliyopo. Ikiwa wawili ni senti moja, basi senti mbili ni za wanne. Yule wa tano ni nyongeza. Hakununuliwa, aliwekwa juu ya fungu ili mnunuzi aridhike. Soko halikumpa bei yoyote.

Na ni katika habari hiyo hasa ya shomoro watano ambapo Bwana alifundisha kwamba Mungu hamsahau hata mmoja wao. Basi yule wa tano naye yumo. Asiye na bei kwa wanadamu anakumbukwa na Mungu sawasawa na wenziwe.

Katika nyumba nyingi mzee asiyelima ndiye shomoro wa tano. Watu huhesabu mikono ifanyayo kazi, kisha humtaja yeye mwishoni kama nyongeza. Lakini mwenye kuhesabu hivyo na aangalie hesabu yake itamfikisha wapi. Ikiwa thamani ya mtu ni kazi yake tu, basi mtoto mchanga hana thamani, wala mgonjwa, wala kiwete. Na kijana mwenye nguvu naye ameazimwa thamani yake kwa miaka michache, kisha ataidaiwa. Kanisa halihesabu hivyo. Huwabatiza watoto wachanga wasioweza hata kuinua shingo, wala haliulizi kwamba watalima eka ngapi. Huwapaka Mafuta wagonjwa ambao hawataamka tena kitandani. Mtu ana thamani kwa sababu Mungu alimwumba kwa mfano wake na Kristu alimfia. Kazi ni njema, tena ni wajibu; lakini haikumpa mtu thamani hiyo, wala kukoma kwake hakuwezi kumnyang'anya.

V. Bundi juu ya paa

Hapa hapana budi kutaja jambo la huzuni. Bundi akilia usiku karibu na nyumba, wako watu wasemao kwamba ametumwa, na kwamba kifo kimekaribia. Asubuhi huanza kumtafuta aliyemtuma. Na mara nyingi macho yao humwangukia mkongwe aishiye peke yake, hasa mwanamke mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko, azoeaye kukaa kimya na kusema na kuku wake.

Hofu hiyo huua. Mwezi wa Septemba 2021, katika Kivu Kusini, wanawake kadhaa waliosingiziwa uchawi waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa kuchomwa moto. Aliyeinua jiwe na aliyeleta kuni walitenda dhambi dhidi ya Amri ya Tano. Lakini kabla yao alikuwako aliyenong'ona uongo dhidi ya Amri ya Nane, na kabla yake aliyesadiki ndege na ramli kuliko Mungu, dhidi ya Amri ya Kwanza. Kesi ya damu ilianzia kwenye mnong'ono mdogo penye uzio.

Kweli ya bundi ni hii: ni ndege awindaye usiku, tena chakula chake kikubwa ni panya. Panya ndio walao mahindi ghalani na kutafuna mihogo iliyoanikwa. Bundi ajaye karibu na ghala amefuata panya, hakufuata roho ya mtu. Mzee aliyetazama ndege miaka mingi ameziona chini ya mti wa bundi zile tonge za manyoya na mifupa midogo atapikazo, naye ajua alikula nini. Mzee kama huyo aweza kukitoa kijiji kizima katika hofu, ikiwa tu yuko wa kumsikiliza. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno la mzee litasaidia nini ikiwa wamekwisha kumwita wa kula tu?

VI. Mwili ni amana ya Mungu

Mzee naye ana wajibu juu ya mwili wake, kwa kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, hata ukichakaa. Kutazama ndege kutamsaidia asipokaa kitini siku nzima. Shirika la Afya Ulimwenguni, lijulikanalo kwa jina la OMS, lilishauri mwaka 2020 kwamba wazee wanaoweza watembee au kufanya kazi za mwili zisizo nzito dakika 150 au zaidi kwa juma, na kwamba siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya kuimarisha miguu na kusimama imara, ili wasianguke. Dakika 150 si nyingi. Ni kama nusu saa kwa siku tano. Mzee atembeaye polepole kwa fimbo yake hadi kwenye michikichi kutazama viota, akarudi, amekwisha kuanza kutimiza shauri hilo.

Na azishike desturi nyingine njema. Anywe maji safi mara kwa mara, hata asiposikia kiu, kwa maana mwili wa mzee huchelewa kudai maji. Apunguze chumvi, isipite kijiko kidogo kimoja kwa siku pamoja na ile iliyomo katika samaki wakavu. Pombe kali na tumbako aziache. Aende kituo cha afya kupimwa shinikizo la damu, kwa sababu ugonjwa huo waweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote. Macho yakiingia ukungu, asitiwe maji ya majani machoni. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, na wengi wamerudishiwa kuona kwa njia hiyo. Na asiyeona kabisa bado ana masikio. Sauti ya tetere alfajiri haihitaji macho.

Mzee apendaye kuwawekea ndege maji ya kunywa katika bakuli la udongo afanya vema. Lakini maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila siku, kwa kuwa mbu hutaga ndani ya maji yaliyotulia, na kwa muda wa siku chache mayai yake yamekwisha kuwa mbu warukao. Tena ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mikono mitupu wala asiliwe, kwa maana yako magonjwa ya ndege yawezayo kumwingia mtu.

VII. Wajibu wa wenye nguvu

Amri ya Nne haikomi mtoto akiwa mtu mzima. Kuwaheshimu baba na mama ni kuwatunza wakati ambapo hawana cha kurudisha. Ndiyo sababu Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu na Wazee Duniani, ifanyike Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria.

Lakini wenye nguvu wajihadhari na udanganyifu mmoja. Wako watakaosikia fundisho hili wakasema, "Vema, baba atazame ndege," wakaenda zao asubuhi na kurudi usiku, mzee akiwa hajapata maji wala neno la mtu. Huko si kumheshimu mzee, ni kumtupa kwa adabu. Asiyeweza kutembea ana haki ya kuchukuliwa nje, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ana haki ya kupakuliwa chakula pamoja na wengine. Zaidi ya hayo, ana haki ya kusikilizwa. Mjukuu akikaa karibu naye robo saa akamwuliza, "Babu, yule ni ndege gani?" amempa dawa isiyouzwa popote, naye amepata elimu kwa bure. Mtoto aliyefundishwa hivyo hataharakisha kuwapiga ndege kwa manati, wala hatamcheka mzee, kwa maana macho yake yamejifunza kustahi uhai.

Basi jibu ni hili. Mzee atazamaye ndege si mvivu, ikiwa afanya yale awezayo na moyo wake unamshukuru Mungu kwa yale asiyoyaweza tena. Mvivu katika habari hii ni yule apitaye penye ua kila siku, mwenye macho mazima na miguu mizima, asimtazame ndege wala mzee.

Maswali ya kujiuliza katika jamaa

1. Katika nyumba hii, ni nani apakuliwaye chakula mwisho, na kwa sababu gani?
2. Ni mnong'ono gani juu ya mkongwe fulani uliosikiwa kijijini, wala hakuna aliyeukanusha?
3. Mzee wa jamaa aliulizwa shauri lini mara ya mwisho?
4. Kabla ya Dominika ijayo, ni nani atakayekaa pamoja naye uani na kumwomba ataje majina ya ndege?

Tumsifu Yezu Kristu.